Magoti Matatu ya Wade Kolterman

Ukiwauliza watu wa mjini kwetu, watakuambia Wade Kolterman alikaa chuo kikuu miaka mitano na hakucheza hata siku moja. Waongo. Alicheza. Nilikuwa uwanjani, nimekaa bega kwa bega na baba yake, na mtu akinibishia jambo hilo kwenye kaunta ya duka la vipuri, huwa siondoki mpaka ameomba radhi.

Mimi ni jirani yao. Marehemu mume wangu ndiye aliyenileta Nebraska, akanizoesha theluji, kisha akatangulia kwenda kulala nyuma ya kanisa la Kilutheri na kuniachia nyumba kubwa na mbwa mzee. Kati ya uwanja wangu na wa Delmar Kolterman kuna uzio wa waya tu. Mkewe, Jolene, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari juu ya barafu bila kukanyaga breki kwa woga. Saratani ilipomchukua, mwanawe Wade akiwa bado shule ya msingi, nilianza kupeleka chungu cha chakula kule ng'ambo ya uzio. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyenikataza.

Kazi ya Delmar ilikuwa mahindi, na kazi yake ya pili ilikuwa kudaka mpira. Jioni akishatoka shambani, alisimama mbele ya ghala jekundu, mgongo umeelekea mlango, na Wade alisimama karibu na tangi la maji akimrushia. Mpira wa huku si wa duara. Umechongoka ncha mbili, na ukirushwa vizuri huenda ukizunguka umetulia, ukirushwa vibaya huyumba na kumpiga mtu puani. Niliwaona kupitia dirisha la jikoni. Nilisikia tu kishindo cha mpira kwenye viganja vya Delmar, na ukimponyoka, kishindo kingine, kizito zaidi, kwenye mbao za ghala.

Sekondari Wade alikuwa mfalme. Alikuwa kwotabeki, yule mmoja ambaye kila shambulizi huanzia mikononi mwake: yeye hupokea mpira, yeye huamua ampe nani, yeye huurusha. Ijumaa jioni mji mzima ulihamia uwanjani na blanketi zake. Chuo kikuu cha jimbo kilipomchukua, kinyozi alibandika picha yake kwenye kioo cha mbele, na wazee waliokuwa wakingoja kunyolewa hawakumpa Delmar nafasi ya kupumua.

"Delmar, akishakuwa nyota utatukumbuka?"

"Nitawakumbuka," Delmar alisema. "Ndiyo maana nitahama."

Chuoni kijana alikuta makwotabeki wenzake watatu, na anayecheza ni mmoja. Nafasi nyingine watu hupokezana. Mkimbiaji akichoka anatolewa, anaingia mwingine. Kwotabeki hatolewi mpaka aumie, au mpaka timu iwe imeshinda sana hata mchezo umekwisha maana. Na hapo ndipo watu wa huku wana tabia ambayo sijawahi kuisamehe: wakiona mechi imeshaamuliwa, wanainuka. Wameendesha gari nusu siku kuja, wamepaka watoto rangi usoni, lakini wanainuka na kutoka kabla ya mwisho ili wasikwame kwenye foleni ya magari. Kwa hiyo mchezaji wa akiba, siku akibahatika kuingia, huchezea viti vitupu.

Delmar hakuwahi kutoka kabla ya mwisho. Mvua, upepo, aibu ya kufungwa, alikaa. Alivaa fulana yake ya uwindaji ya rangi ya machungwa, ile inayomwokoa mtu asidhaniwe paa, ili Wade amwone, na shingoni alining'iniza darubini ya kuwindia bata.

Alichokuwa akikitazama kwa darubini ni mikono ya mwanawe. Maana Jumamosi kazi ya Wade ilikuwa kupunga mikono. Kocha Lindgren hawezi kumpigia kelele kwotabeki katikati ya makelele yale, basi vijana wawili wa akiba husimama kando ya uwanja na kofia za jua, wakitoa ishara: gusa sikio, zungusha ngumi, piga paja. Mmoja anatoa ishara za kweli, mwingine anatoa za uongo, ili wapinzani wasijue wamfuate yupi. Delmar alizisoma ishara zile msimu baada ya msimu mpaka akazijua zote. "Leo yeye ndiye wa kweli," angeniambia kwa sauti ya chini, na siku hiyo angekula mkate wake wa nyama na kabichi kwa furaha. Siku ambayo Wade alikuwa wa uongo alikula pia, ila polepole.

Ishara hizo ziliingia mpaka nyumbani. Kugusa ukingo wa kofia kisha kushusha kiganja mara mbili ilikuwa amri ya kupiga goti. Mezani kwao ikawa na maana ya kaa chini ule.

Katikati ya wiki kijana hakuwa hata na jina. Jumatatu alipewa filamu za kwotabeki wa timu inayokuja, amsome anavyotembea, anavyoshika mpira, anavyodanganya kwa macho. Jumanne alivaa jezi yenye namba ya yule mtu na mazoezini akawa yule mtu, walinzi wetu wakimwangusha chini hadi Alhamisi. Wiki iliyofuata anakuwa mwingine. Sikukuu moja ya Shukrani alikuja nyumbani akichechemea.

"Umeumia?" nilimuuliza, mikono yangu imeshatangulia kwenye goti lake. Uuguzi haustaafu.

"Hapana, Bi Tunu. Ni yule wa Iowa. Anaburuta mguu akitaka kurusha kulia."

"Basi mwambie huyo wa Iowa avue viatu mlangoni," Delmar alisema. "Zulia ni la marehemu mama yako."

Tulicheka sote. Baadaye, tukiosha vyombo, Wade aliniambia kocha alikuwa amemwita kwa jina la yule wa Iowa, si mazoezini, bali ofisini, wamekaa wawili tu. Alinieleza kama kichekesho. Mimi sikukiona kichekesho.

Msimu wa tatu aliyekuwa akicheza alihitimu, na zamu ikawa ya Wade. Kila mtu alijua. Kinyozi alisafisha kioo chake. Halafu wakati wa kiangazi kocha akaleta kijana kutoka Texas, amehama chuo chake, mkono kama kombeo, na Wade akarudi kando ya uwanja kupunga mikono. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Huyu alivumilia, mbivu wakaja kuzila wageni. Nilikasirika hata nikavuka uzio bila koti.

"Kile chuo kidogo cha Kansas bado kinamwita," nilimwambia Delmar. "Kule atacheza kila wiki. Mwambie aende."

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema chakula cha Kansas kibaya." Delmar alikohoa, akageuza uso kuelekea ghala. Alikuwa ameanza kukohoa hivyo tangu mavuno. "Ni mwendo wa saa nane kwa gari, Kansas kule. Chuo chake hiki ni saa mbili."

Nikaelewa ni nani aliyekuwa akipimiwa mwendo huo. Kila Jumapili Wade aliendesha saa mbili kuja kupakua nafaka ambazo baba yake hakuweza tena kupakua, kisha akaendesha saa mbili kurudi kujifunza kuwa mtu mwingine.

Msimu wa nne, kijana wa Texas aliangushwa vibaya akalala chini. Kocha akageuka, akaonyesha kidole. Wade akatupa kofia ya jua, akavaa kofia ngumu, akarusha mipira kadhaa pembeni kupasha bega moto. Delmar alisimama. Alinishika mkono na sikujua mkulima aliyekonda hivyo bado ana nguvu zile. Kisha kijana wa Texas akainuka, akachechemea mara mbili tatu, akapunga mkono kwamba yuko sawa. Watu maelfu kwa maelfu wakashangilia. Wade naye alipiga makofi, nilimwona, kofia ngumu bado kichwani. Akaivua, akaitafuta ile ya jua kwenye nyasi. Delmar alikaa chini, akafuta vioo vya darubini ambavyo havikuwa na vumbi.

Vumbi lilikuwa kifuani mwake. Vumbi la nafaka, miaka arobaini ndani ya maghala bila kitambaa usoni, kwa sababu baba yake hakuvaa na babu yake hakuvaa. Kufikia msimu wa tano, wa mwisho, alikuwa akitembea na mtungi wa oksijeni kwenye kikokoteni, na mrija puani. Kudaka mpira kulikuwa kumekwisha. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya ghala, mahali pale pale, mpira umelala mapajani.

"Jirani," aliniambia, "nataka kumwona akirusha mara moja. Kwenye uwanja ule, kwenye mechi ya kweli. Hata ukianguka chini."

"Halafu?"

"Halafu basi. Sitaki kingine."

Nilijua daktari alimwambia nini, kwa sababu nilikuwa nimekaa naye chumbani. Krismasi labda angeiona. Msimu wa mpira ulikuwa unakwisha mwishoni mwa Novemba, na Wade alikuwa hajagusa mpira kwenye mechi hata mara moja.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ndiyo siku ya kuwaaga wanaohitimu. Kabla ya mchezo, kila mmoja wao huitwa jina, anatoka kwenye lango la chini na kutembea hadi katikati ya uwanja, mzazi huku na mzazi huku, mama akiwa na ua mkononi. Daktari alisema Delmar asiende kabisa. Delmar alimsikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza gari langu lina matairi ya barafu.

Langoni tulipata shida ya kwanza. Mlinzi, binti mwenye pua nyekundu kwa baridi, aliruhusu mtungi mmoja tu.

"Huu mwingine ni wa nini?"

"Wa kupumulia, mama. Kama huu wa kwanza."

"Samahani, Bi. Mmoja kwa mtu mmoja. Urudisheni kwenye gari."

"Ukiisha nitoke niufuate?"

"Ukitoka huingii tena. Ndiyo utaratibu."

Ningegombana naye hadi jioni, lakini Delmar aligusa kiwiko changu. Mtungi wa pili ukarudi garini.

Kutembea hadi katikati ya uwanja hakuweza. Kwa hiyo nilitembea mimi. Jina la Wade lilipoitwa nilitoka naye, mimi Tunu, mjane mweusi mfupi mwenye kofia ya sufi, nikashika mkono wake kwa upande mmoja, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Wakanipa ua. Mtangazaji hakujua aniite nani, akasema "na familia yake." Wade alikuwa akitabasamu.

"Yuko wapi?" aliniuliza bila kusogeza midomo.

"Safu ya kumi nyuma ya benchi lenu. Rangi ya machungwa."

"Nimemwona."

"Basi tembea vizuri. Anatumia darubini."

Nikarudi kwenye viti nikakaa kando ya Delmar, mtungi katikati yetu. Mechi ilikuwa ngumu. Tulitangulia, wakasawazisha, tukatangulia tena kidogo, na katika hali hiyo kocha hawezi kumwingiza mtu wa akiba hata awe mwanawe wa kumzaa. Baridi ilikuwa inakata masikio. Baada ya mapumziko nilitazama kipimo cha mtungi, na mshale ulikuwa umeshuka kuliko nilivyotarajia.

"Delmar, twende garini."

"Bado."

"Utasikiliza redioni. Garini kuna joto na kuna mtungi."

"Redioni sitaona."

Halafu akafanya jambo ambalo bado linaniuma. Wapinzani walipokuwa na mpira, aliufunga mtungi. Alikaa bila hewa, midomo ikigeuka samawati, akipumua polepole kama mtu anayebeba kitu kizito. Timu yetu ilipopata mpira, aliufungua. Nilimgombeza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Aliniambia, "Jirani, wale wa upande wa pili sina haja ya kuwaona."

Mwishoni tukafunga tena, na mara wapinzani wakarusha mpira wa kukata tamaa ukadakwa na mtu wetu. Mechi ikawa imekwisha ingawa saa ilikuwa bado inakwenda. Na kama ilivyo desturi yao, watu wakainuka. Blanketi zikakunjwa. Uwanja mzima ulikuwa unamiminikia milangoni, na katika safu zetu tukabaki wachache waliotawanyika, na mzee mmoja aliyevaa rangi ya machungwa.

Hapo kocha Lindgren akamshika Wade bega, akamwambia neno, akamsukuma uwanjani.

Lazima niseme alimwingiza kufanya nini. Timu inayoongoza ikiwa na mpira na muda umebaki kidogo, haina haja ya kucheza. Kwotabeki hupokea mpira na kupiga goti moja chini, basi. Saa inaendelea kwenda. Anafanya hivyo tena mpaka saa iishe. Wapinzani nao husimama tu, hawamgusi, hawajikingi, kwa sababu hakuna mtu anayeshambulia. Ni adabu ya mchezo. Kocha alitaka kumheshimu kijana aliyemtumikia miaka mitano, na heshima aliyoipata kwenye kapu lake ilikuwa hiyo: nenda ukapige magoti.

Delmar alifungua mtungi wote, akasimama, akiegemea kiti cha mbele.

Wade akapokea mpira, akapiga goti la kwanza. Saa ikaenda. Wachache waliobaki walipiga makofi ya mikono yenye glavu. Akapiga goti la pili. Kisha wakakusanyika tena, vichwa pamoja, wakakaa muda mrefu kidogo.

Waliyoambiana Wade alinieleza baadaye. Boone, lile jitu linalompa kwotabeki mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu, ndiye aliyeanza.

"Kaka, mshua wako yuko pale juu. Rusha."

"Kocha kasema goti."

"Kocha atatukana, halafu ataenda kula. Mimi nitamsukuma huyu wa mbele yangu, hata hajajiandaa. Isaiah atakimbia. Wewe rusha tu. Mmoja."

"Rusha, mwanangu," wengine wakasema. "Umetulia kando miaka yote hii. Rusha."

Wakajipanga. Mimi sijui mpira, lakini Delmar alishusha darubini na kusema, "Atarusha." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona gari likimjia. Wade alikuwa amesimama nyuma ya Boone, na kabla hajaomba mpira aliinua uso, akatazama safu ya kumi. Viti vyote vilivyotuzunguka vilikuwa vitupu. Hakuwa na haja ya kututafuta.

Delmar aliachia kiti. Akagusa ukingo wa kofia yake. Kisha akashusha kiganja, mara moja, mara mbili.

Wade alibaki akimtazama. Delmar akarudia ishara, safari hii mkono ukashuka wote mpaka chini.

Wade akapokea mpira, akapiga goti la tatu, na saa ikaisha.

Sikungoja kushangilia. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala kabisa. Nilimshika Delmar kiunoni, na vijana wawili wa kuuza maji wakamshika miguu, tukamteremsha hadi chumba cha huduma ya kwanza, na kutoka huko gari la wagonjwa likamchukua. Wade alipopanda ngazi kututafuta, jezi yake ikiwa safi kama ilivyotoka kwenye kabati, alikuta viti na ua lililokanyagwa.

Delmar aliruhusiwa kurudi kufia nyumbani. Kitanda cha hospitali kikawekwa sebuleni kikitazama dirisha, na dirisha likitazama ghala. Wade alirudi kutoka chuoni, akawa analala kwenye kochi. Wiki nzima hawakuligusa jambo lile. Mimi nilikuwa jikoni nikipasha maharagwe ya pilipili na mkate wa mdalasini, chakula ambacho Delmar alikuwa hali tena ila alitaka kusikia harufu yake, ndipo nikasikia mzee akisema:

"Ulitaka kurusha."

"Nilitaka."

"Niliona bega. La kulia hushuka kidogo kabla."

Mashine ya hewa ikanguruma. Wade alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

"Ulikuwa unalitaka jambo lile kuliko mimi, baba. Bi Tunu kaniambia. Mbona ulinikataza?"

"Yule namba tisini wao alikuwa amesimama wima," Delmar alisema. Alisema kidogo kidogo, akipumzika katikati. "Mikono kiunoni. Anajua unapiga goti. Boone angemvamia katika hali ile, angemvunja. Mtoto wa watu angevunjika goti kwa sababu mimi mzee nataka kutazama."

"Na mimi je?"

Niliacha kukoroga ili nisikie, na sioni haya.

"Wewe unajua nilitaka kiasi gani," Delmar alisema. "Usije ukadhani sikutaka, mwanangu. Nilitaka mno."

Wade akageuka, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, na mkono wa Delmar ukaja juu ya nywele zake. Nilirudi kwenye sufuria yangu. Nililia humo, na maharagwe yakaungua.

Krismasi aliiona. Mwaka mpya hakuuona.

Baada ya mazishi tulikula kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, mikate ya nyama ya nguruwe na saladi ya viazi na yale makorokoro matamu yanayotikisika ambayo Walutheri hawawezi kuzikana bila kuyatengeneza. Kocha Lindgren alikuja. Alimpa Wade mkono, akamwita kwa jina lake lote. Boone alikuja, akavunja kiti. Wazee wa kwa kinyozi walikaa pembeni, na nikamsikia mmoja akimweleza mgeni wa mji wa jirani, "Kijana mzuri, lakini hakuwahi kucheza." Nimeshawaambia tabia yangu. Ile siku sikusema kitu. Nilimtafuta Wade, sikumwona.

Nilijua alipo. Niliendesha polepole juu ya barafu, bila breki, kama nilivyofundishwa. Alikuwa uwanjani kwao, suti ya mazishi, theluji juu ya viatu, amesimama karibu na tangi la maji. Alirusha mpira. Ulikwenda ukizunguka umetulia, ukapiga mlango wa ghala kwa kishindo kile kizito, ukaanguka. Akatembea kuufuata, akauokota, akatembea kurudi hadi kwenye tangi, akarusha tena. Kwenye kumbukumbu za chuo, mbele ya jina lake, palipoandikwa mipira aliyorusha, pana sifuri, na sifuri hiyo itabaki pale mimi na yeye tukishakufa.

Niliingia kwa lango, nikapita mbele yake, nikaenda nikasimama alipokuwa akisimama Delmar. Mgongo kwenye mlango.

"Bi Tunu, toka hapo. Utaumia."

"Nimeshatembea uwanjani badala ya mama yako," nilimwambia. "Rusha."

"Hujui kudaka."

"Wewe rusha."

Aliushika mpira kwa mikono miwili. Bega la kulia likashuka kidogo. Mpira ukaja, nikafumba macho, ukapita katikati ya mikono yangu na kugonga mbao nyuma ya sikio. Nikauokota nikamrudishia kwa kuuviringisha, maana kuurusha siwezi.

"Tanua vidole," alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Usiukimbie."

Akarusha tena. Ulinigonga kifuani, ukaanguka. Tulikaa pale mpaka wageni walipoanza kufika kutoka kanisani, magari yao yakijipanga kando ya uzio, na hakuna hata mmoja wao aliyeondoka. Sikudaka hata mmoja, na Wade aliendelea kunirushia.